Reli ya Uani kwa Bi Mwanaidi

Katika msiba wa mjomba Idrisa, mwaka huu, mzee mmoja nisiyemjua alisimama baada ya dua akasema marehemu alikuwa mtu wa maendeleo, na kwamba katika mtaa mzima wa Gerezani hakupata kutokea mtu wa kumpinga. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nilikuwa upande wa wanawake, nimekaa mkekani na sahani ya pilau mapajani, nimeshuka kwenye basi la kutoka Tabora asubuhi hiyo hiyo, nikajikuta nimesema kwa sauti ya kusikika, "Si kweli." Binamu yangu Saida akanifinya mkono. "Pili, usianze," akanong'ona. Sikuanza. Nilimaliza pilau yangu, nikanawa, nikatoka kwenda kusimama kwenye roshani ya ghorofa ya nne. Jengo lile mjomba alilijenga juu ya kiwanja cha mama yake, na pale chini, ambapo siku hizi wanashusha maboksi ya mabegi kutoka kwenye makontena, palikuwa na bustani, na kuizunguka bustani palikuwa na reli. Marehemu Mungu amrehemu, na ninalisema hilo kwa moyo mmoja, maana alikuwa mkarimu kwa njia zake. Lakini kufa kwake hakunifuti mimi. Alipingwa. Nilikuwepo, na mmoja wa waliompinga ni mimi.

Ulikuwa mwaka niliomaliza kidato cha nne. Matokeo yangu yalikuwa ya aina ambayo watu hawajui wakupongeze au wakupe pole, kwa hiyo wakanyamaza, na katika ukimya huo nikapelekwa kukaa na Bi Mwanaidi, dada wa bibi yangu, ambaye magoti yalikuwa yameanza kumgomea. Nilimwita Bibi, kama watu wote wa nyumba ile. Ilikuwa nyumba ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu kule, korido katikati ya saruji nyekundu iliyosuguliwa mpaka ikawa inateleza. Chumba cha kwanza tulilala mimi na yeye. Vingine walikuwa wapangaji. Hakukuwa na dari. Juu ya kuta ilikuwa ni kenchi na bati tu, na maneno yaliyosemwa chumba cha kwanza yalifika chumba cha sita yakiwa bado na joto lake. Nilijua nani kagombana na mumewe, nani anakula mihogo siku ya tatu mfululizo, nani anaomba dua kwa kulia. Ukitaka siri uliizungumzia sokoni, katikati ya makelele. Ukifungua mlango wa nyuma ulitokea uani, na uani ule ulikuwa mkubwa kuliko wa jirani yeyote, kwa sababu nyumba ya kiwanja cha pili ilianguka zamani na Bibi akaunganisha. Upande wa karibu kulikuwa na jiko la makuti na bomba, mwisho kabisa choo, na upande wa pili ndipo ilipokuwa bustani: mipapai minne, mlimao, mrehani, matuta ya mchicha na bamia, na asumini iliyopanda juu ya ukuta. Chini kote ni mchanga, ule mchanga mlaini wa Dar unaokumeza mpaka kifundo cha mguu.

Mchanga huo ndio uliokuwa unammaliza Bibi. Kwenye saruji ya korido alikuwa akitembea kwa kushika ukuta, lakini akitia mguu uani alizama, na akizama hakuweza kujinyanyua. Alikuwa hajavuka kizingiti cha mlango wa mbele tangu Ramadhani iliyopita. Mjomba Idrisa, mwanawe wa pekee, aliyekuwa na duka la mabegi mtaa wa pili na nyumba ya kupanga ghorofa ya tatu kule Upanga, alimletea kiti cha magurudumu. Ninakikumbuka kinavyong'aa. Tulimkalisha Bibi, tukamsukuma mpaka nje ya mlango wa nyuma, magurudumu yakazama nusu, kiti kikasimama pale kama kimepandwa. Mama Neema, mpangaji wa chumba cha tatu, mama wa Kirombo aliyekuwa akiuza viungo sokoni na hakuwa na jambo la kubaki nalo moyoni, akasema, "Jamani, mmwagilie maji basi, labda kitaota." Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. Mjomba hakucheka. Alichuchumaa mbele ya mama yake, suruali yake nzuri mchangani, akasema kwa upole, na upole ule ndio ulioniogopesha: "Mama, mimi sitakuburuza. Lakini siku utakayoshindwa kujifikisha chooni mwenyewe, nitakuchukua. Kwangu kuna kila kitu ndani." Bibi akamuuliza, "Na nikitaka kutoka?" Mjomba akasema, "Utoke uende wapi, Mama?"

Sasa niseme habari za Fundi Elia. Alikaa chumba cha tano, peke yake, mtu wa kutoka Kilimanjaro, mwembamba, nadhifu, anayepiga pasi hata ovaroli. Alikuwa mchomeleaji karakana ya reli pale pale Gerezani miaka mingi, mpaka walipopunguza watu naye akapunguzwa. Ndugu zake walimwita arudi nyumbani akalime kahawa. Yeye akabaki, na pembezoni mwa jiko letu akawa anatengeneza kitu. Kwanza nilidhani ni kitanda. Halafu kikapata magurudumu manne yenye kingo, aliyokerezewa na rafiki yake, halafu kikapata injini ya pampu ya maji na mnyororo wa baiskeli, ndipo nikatambua kwamba ni kichwa cha treni, kirefu kama kitanda cha mtoto, kinachofika kiunoni. Wapangaji walikiita toi. Walipita na ndoo zao wakisema, "Fundi, toi limefikia wapi?" naye akaendelea kuchomelea. Siku moja akaniita. "Binti, shika hapa." Nikashika. Akachomelea. "Shika na hapa." Hivyo tu ndivyo nilivyoingia kazini, hakuna aliyeniuliza, na ilikuwa ni mara ya kwanza mwaka ule mtu kunipa kitu cha kushika.

Reli zilikuwa ni vyuma vya engo, vile wanavyotengenezea vitanda na fremu za milango, tulivyookota kimoja kimoja kwa wauza vyuma chakavu wa Gerezani, kila kipande urefu wa mtu. Mataruma ya kulalia reli tulikata kwenye mbao za makreti kutoka nyuma ya maduka ya Kariakoo, na ukitazama vizuri uliona maandishi ya Kichina yamepita chini ya reli njia nzima. Fundi alipima upana kwa kipande cha bomba alichokikata mwenyewe: shibiri moja na vidole vinne, wala haukuruhusiwa kuzidi hata unene wa kucha. Kona tulizikunja kwa kupigilia vigingi mchangani kufuata kamba, tukakipasha chuma moto kwa mkaa na kukilaza taratibu kwenye vigingi, mimi nikivuta, yeye akigonga. Nilipokosea hakunigombeza. Aling'oa tu, akanirudishia chuma, akasema, "Tena." Miezi mitatu tulijenga. Niliota sugu. Mama yangu alipokuja kunitazama aliishika mikono yangu akaigeuza akasema, "Na nani atakuoa na viganja hivi?" Bibi, aliyekuwa akichambua mchele kizingitini, akajibu kwa niaba yangu: "Atakayetaka kushikwa kwa nguvu." Nimetembea nchi hii kwa kazi nyingi tangu hapo, nimeuza vipuri Tabora, nimepika hotelini Mpanda, nimekata tiketi Tunduma, na sijawahi kuvificha viganja hivi kwa mtu.

Reli ilikuwa duara. Ilianzia mlango wa nyuma, ikapita kando ya jiko, ikaenda mpaka mbele ya choo, ikapinda kuingia bustanini, ikazunguka matuta yote na kurudi mlangoni. Ilibidi iwe duara, kwa sababu injini ile ilikwenda mbele tu. Nilimuuliza Fundi kwa nini hakuiwekea rivasi. "Duara lina haja gani ya rivasi?" akasema, na nikaona anasema kwa ukali wa mtu aliyeulizwa swali lile na nafsi yake kabla yangu. Safari ya kwanza tuliacha njia kwenye kona ya bamia tukalala ubavu ndani ya mchicha. Ya pili vile vile. Ya nne ikazunguka yote, ikipiga kelele kama mashine ya kusaga, wapangaji wamejipanga jikoni wakipiga makofi hata wale waliokuwa wakicheka, na ilipopita mlangoni Bibi akanyoosha mkono kama anasimamisha teksi. "Inabeba mtu?" akauliza. Fundi akavua kofia. "Bibi, nimeitengeneza ibebe."

Hakumaanisha Bibi hasa, nadhani. Fundi alikuwa anafikiria mzigo. Karakana walimfundisha kwamba chombo kisichojaribiwa na mzigo si chombo. Lakini wiki ile ile tulitengeneza behewa dogo lenye kiti cha mgongo, tukaweka godoro la kitanda cha mtoto, na mtambo wa kuondokea na wa kusimamia tukauvuta mpaka kwenye kiti, kwa sababu Bibi alikataa katakata kuendeshwa. "Mwanangu amesema mwenyewe. Basi mwenyewe." Alijifunza kwa siku mbili. Kila asubuhi, baada ya uji wa pilipili manga, alitoka mlangoni kwa kushika nguzo, akakaa, akavuta wenzo, akaenda. Alishuka chooni. Alipanda tena. Aliingia bustanini polepole kama gari la harusi, akisimama kwenye kila tuta kung'oa magugu bila kuinuka kitini, akarudi na mchicha kapuni. Tukaweka utaratibu: wakati Bibi yuko njiani, mimi nasimama kwenye njia ya bombani na kitambaa chekundu, na asiye na subira na asubiri. "We Pili!" Mama Neema alikuwa akipiga kelele, ndoo kichwani. "Nimebanwa mie, nipishe!" Nikamwambia, "Treni kwanza, mama." "Treni kwanza! Nimetoka Rombo kote huko nije kupanga stesheni?" Lakini alisubiri, na nilimsikia jioni, kupitia juu ya kuta, akimsimulia mumewe kwa fahari kwamba nyumba anayokaa yeye ina reli yake.

Mjomba alikuja akaona. Alimtazama mama yake akizunguka, akala chapati tatu. Halafu, alasiri ile, mimi nikiwa nafua nyuma ya ukuta wa chumba chetu, nikasikia. "Ile bustani, Mama, ni fremu nane za maduka zinalala pale." "Zilale, zimechoka," Bibi akasema. "Sikutanii. Nimeshaongea na mafundi." "Umeongea na mafundi kabla ya kuongea na mimi?" "Nyumba sigusi. Najenga upande ule tu. Utapata sehemu yako." "Na njia yangu?" "Njia gani?" "Idrisa. Njia yangu." Akaguna. "Tutaacha nafasi ya hilo toi lako." Nilisikia kwa masikio yangu: tutaacha nafasi. Fundi Elia naye alisikia, chumba cha tano, na aliniambia hivyo baadaye, kwa sababu alihitaji kuniambia.

Mafundi ujenzi walikuja na msingi ukachimbwa katikati ya uani, ukiitenga bustani na nyumba. Mkuu wao aliitwa Chande, Mmakonde mchangamfu mwenye kipande cha penseli sikioni siku zote. Tofali zilishushwa mtaani na kuletwa kwa uchochoro wa ubavuni mwa nyumba mpaka kona ya uani, na hapo ndipo shida ilipoanza, maana kutoka hapo ni mchanga. Toroli lilizama. Vibarua walibeba tofali mojamoja kichwani wakiapa. Mjomba alikuwa amesimama pale mikono mfukoni, akaiona treni imekaa kwenye kivuli cha jiko, akamwambia Fundi Elia mbele za watu wote, "Na hilo toi lako, mzee, si hata tofali tatu linashindwa?"

Ningemziba Fundi mdomo kama ningewahi. Akaiweka kofia yake vizuri. "Leta tofali," akasema.

Ndilo kosa tulilolifanya, na lilikuwa kosa la fundi, si la mjinga. Akafunga mabehewa mawili ya mbao. Akapakia tofali ishirini, akazihesabu kwa sauti ili mjomba asikie. Injini ikalia, mnyororo ukakaza, magurudumu yakateleza kidogo, kisha ikang'oka na kwenda, moja kwa moja mpaka upande wa bustani, na vibarua wakapiga mbinja. Sikuwahi kumwona Fundi vile. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyerudishiwa kitambulisho chake. Tangu siku hiyo Bibi alitumia njia asubuhi na baada ya hapo ilikuwa ya tofali na mchanga na saruji, dereva mimi, na mjomba akawaondoa vibarua wote kwa kuwa hakuwahitaji tena. Nilimwambia Fundi jikoni, tukila mtori wa Mama Neema, "Tunabeba ukuta wa kutuzuia sisi wenyewe." Akasema, "Wameahidi nafasi." Nikasema, "Fundi, unamwamini?" Akajibu, "Binti, watu wale wa kule karakana wanapita hapa mtaani. Wameanza kusimama uchochoroni kuangalia. Niache nibebe." Nikamwacha. Siyajutii mengi ya mwaka ule, lakini hilo bado linanikera: nilijua, na niliendesha.

Kwa kuwa tofali zilitakiwa zifike ng'ambo, ukuta ulipopanda ilibidi Chande aache matundu mawili chini yake, la kwendea na la kurudia, marefu kiasi cha Bibi kupita akiinamisha kichwa. Ukapanda hivyo mpaka juu. Bibi alipita humo kila asubuhi akisema "hodi" tundu la kwanza na "karibu" tundu la pili, akijijibu mwenyewe. Ilikuwa imebaki kupiga lipu. Siku hiyo nikapakia tofali nikidhani ni za kibaraza cha mlango wa nyuma, nikazunguka bustani, na nilipokuwa natoka kwa tundu la kurudia nikasikia mjomba anamwambia Chande, "Hizo ndizo za kuzibia. Anza na lile la kule, halafu hili." Nikasimamisha treni pale pale, nusu yangu ndani ya ukuta na nusu nje. Nikazima injini.

"Toka hapo," mjomba akasema.

"Uliahidi nafasi."

"Nafasi ya kujengea. Nani ataweka tundu kwenye fremu ya duka? Panya waingie?"

"Sitoki."

"Wewe ni nani kwenye kiwanja hiki?"

Nilikuwa sijawahi kumjibu mtu mzima namna ile. Nikasema, "Dereva." Kuna mtu alicheka. Mjomba akageuka kumtafuta Fundi Elia. "Mzee, mtoe binti huyu. Mtambo wako huo." Fundi akaja polepole, ovaroli yake imenyooka kama kawaida, akapiga magoti kando ya injini. Nilidhani anawasha. Akafungua kiungo cha mnyororo, akauvuta wote, akaukunja mara nne, akautia mfukoni. "Hauna mwendo sasa," akasema, na akakaa chini kando ya gurudumu. Mjomba akamgeukia Chande. "Basi bebeni. Shusheni tofali hizo, mkazibe lile la kule." Chande akatoa penseli sikioni akaitazama. "Bosi, mimi kazi yangu kujenga. Kubeba uliwapa wale, na wale ukawaachisha ukampa treni. Tofali ikifika nitaijenga. Haijafika."

Nakiri kitu kimoja kuhusu marehemu, na niko tayari kukisema mbele ya msiba wowote: alivua viatu. Alivua saa akaitia kwenye kiatu. Akaja kwenye behewa langu, mita moja kutoka nilipokaa, akachukua tofali ya kwanza akaibeba kifuani katika shati jeupe, mchangani, kuzunguka mpaka tundu la kule. Akarudi. Tofali tisa, moja baada ya moja, na kila aliporudi shati lilikuwa kijivu zaidi na pumzi fupi zaidi, na Chande akazijenga kwa kuwa zilifika. Bibi alikuwa amesimama mlangoni ameshika nguzo, akimtazama mwanawe akimzibia njia. Adhana ya alasiri ilipoanza, tundu la kwendea lilikuwa ukuta. Duara likawa limekufa. Mjomba akavaa viatu. "Kaa hapo sasa mpaka uchoke," akaniambia bila hasira. Halafu kwa mama yake, "Jumamosi nakuja na gari, Mama. Umejitahidi."

Watu huniuliza kwa nini sikai mahali. Saida aliniuliza tena juzi: "Una miaka arobaini na sita, unatafuta nini huko kwenye mastesheni?" Simjibu, kwa sababu jibu ni asubuhi iliyofuata, Ijumaa, nimekaa pale ukutani na Fundi Elia, tunatazama reli zinazoishia kwenye saruji mbichi, na Bibi ameletewa kigoda karibu yetu. Alituuliza, "Hiki kichwa kimeelekea wapi?" Fundi akasema, "Nyumbani, Bibi." "Na kikipita mlangoni mbele yake kuna nini?" Tukatazama wote watatu. Mbele yake, kama reli isingepinda, kulikuwa na uchochoro. Na mwisho wa uchochoro, mtaa. "Sauda ana chumba," Bibi akasema. Bi Sauda alikuwa shoga yake tangu usichana, mjane, nyumba yake mitaa miwili mbele, chumba cha chini, mlango unaofungukia ardhini. Fundi akahesabu kwa macho. "Vyuma havitoshi, Bibi. Vya bustani nzima havifiki hata nusu." Nikasikia nasema, "Kila inapopita tunang'oa nyuma tunaweka mbele." Alinitazama vile alivyozoea kutazama ungio lililochomelewa. Akautoa mnyororo mfukoni.

Tulizing'oa reli za bustani siku ile, tukazipitisha vipande vipande kwenye tundu lililobaki. Mama Neema hakwenda sokoni. Alibeba mataruma kwa kanga akisema stesheni inahama na yeye hajaambiwa nauli. Jumamosi asubuhi mjomba aliegesha gari mbele ya nyumba, akashuka, na kabla hajagonga mlango pua ya treni ikachomoza uchochoroni. Nyuma yake Bibi, kanga mpya, mwavuli begani, sanduku lake la bati kwenye behewa la tofali.

"Mama! Unakwenda wapi?"

"Kwa Sauda."

"Nimekuandalia chumba. Kuna kila kitu ndani."

"Nimesikia. Ghorofa ya tatu. Nikitaka kutoka nitakuita wewe, na wewe uko dukani." Hakupaza sauti. "Fremu zako zimependeza, baba. Nipishe."

Alipisha. Mtaa ulikuwa umejaa kama siku zote, mikokoteni ya mabelo ya nguo inakuja huku na huku, na wasukumaji walianza kwa matusi ya kawaida, "We dada, hilo jeneza linakwenda wapi?" na wakaishia kusimama. Tulikwenda vipande vitatu vya reli, tukasimama, tukang'oa vitatu nyuma, mimi na Mama Neema tukikimbia navyo mbele, Fundi akivilaza na kupima kwa kile kipande chake cha bomba, hata pale mtaani, hata na honi zinalia, hakukubali unene wa kucha. Bibi alisubiri wenzo mkononi. "Shikamoo bibi," vijana wa mikokoteni walimwamkia wakipita. "Marahaba, polepole na mzigo." Mchana wafanyakazi wa karakana walitoka kwenda kula na wakatukuta kwenye kona, tumekwama na vyuma vya kupinda. Mmoja akaita kwa mbali, "Elia! Ndio nini hicho?" Fundi hakuinua kichwa. "Njoo ushike hapa," akasema. Akaja, akashika. Wakaja wengine wanne, sahani zao wakaziacha kwa mama lishe, wakabeba reli mabegani kwa mtindo wao, wakiitikiana, na kutoka kona ile hatukusimama tena, kwa maana njia ilikuwa inawekwa kwa kasi ile ile Bibi aliyokuwa anakwenda.

Bi Sauda alitoka barazani kwa kelele, miwani imemkaa upande. Aliona watu, akaona chuma, akaona moshi, ndipo akamwona shoga yake katikati.

"Mwanaidi! Na hali yako hiyo, nani kakuleta?"

Bibi akasukuma wenzo, treni ikasimama sambamba na kizingiti. Akazima injini mwenyewe, akafunga mwavuli.

"Sijaletwa," akasema. "Nimekuja."